Namba ya miwani ya mtoto inapopanda kila mwaka

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Nzuguni hapa Dodoma. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yuko darasa la nne shule ya mchepuo wa Kiingereza. Alipokuwa na miaka 7 mwalimu alituambia haoni ubaoni, tukampima, akapewa miwani ya -1.25 macho yote mawili. Mwaka jana ikawa -2.00. Mwezi uliopita tumempima tena dukani kwa kompyuta, imetoka -2.75. Baba yake naye amevaa miwani minene tangu sekondari. Mama mkwe anasema miwani ndiyo inayomharibu mtoto, kwa hiyo akirudi nyumbani anaivua. Aliyempima ametushauri tubaki na namba ya zamani ili macho yasizoee. Nampa karoti kila siku. Nimesoma kwenye intaneti kuna matone ya atropini na miwani maalumu vinavyozuia hali hii, nimetaka kuagiza. Shule inaisha saa tisa, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili yuko tuisheni. Mdogo wake wa kike ana miaka 5, naye anashika simu karibu kabisa na uso. Naogopa wanangu wasije wakapofuka. Nifanye nini?"*

Marahaba, mama. Nianze na hofu yako kubwa. Mtoto mwenye -2.75 ambaye akivaa miwani anasoma ubao vizuri hayuko njiani kupofuka. Jicho lake linapokea picha na ubongo wake unaielewa. Kilichokosekana ni picha hiyo kutua mahali pake, na miwani inaitua. Hilo likutulize ulale usingizi.

Hata hivyo hukukosea kuuliza. Namba tatu ulizoniandikia zinaonyesha mtoto anayepanda 0.75 kila mwaka, na bado ni mdogo. Macho ya aina hii, yasiyoona mbali, hupanda kwa kasi zaidi kati ya miaka 7 na 12, kisha mwendo hupungua, na wengi hutulia wakikaribia miaka 20. Kwa hesabu ya harakaharaka, akiachwa hivihivi anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa na -5 au -6. Watu wengi wanaishi na -6 vizuri tu, wanasoma, wanaendesha magari, wanalea. Lakini kuanzia namba hiyo jicho huwa limevutika sana, na miaka ya baadaye hatari ya retina (utando wa nyuma ya jicho) kubanduka, ya presha ya macho na ya kuchakaa kwa sehemu ya katikati ya retina huongezeka mno. Ndiyo maana tunaotibu macho ya watoto hatutazami ubao wa darasa la nne peke yake, tunamtazama huyu huyu atakapokuwa na miaka 60. Watafiti waliojumlisha takwimu za maelfu ya watu wamekadiria kwamba kila namba moja tunayomwokolea mtoto hushusha hatari ya kuchakaa kwa katikati ya retina kwa karibu asilimia 40. Kwa hiyo tukifanikiwa amalizie -4 badala ya -5, tumefanya kazi kubwa, ingawa miwani hataivua.

Sasa twende ndani ya jicho, kwa sababu ukilielewa hili, ushauri mwingine uliopewa utaanguka wenyewe.

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa kama milimita 16 au 17 kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima lina 23 au 24. Nyuma kabisa kuna retina, ule utando unaopokea picha. Mbele kuna konea na lenzi, zinazokusanya miale ya mwanga ili picha itue juu ya utando huo. Jicho likirefuka kupita kipimo, picha ya vitu vya mbali inatua kabla ya kuifikia retina, na mtoto anaona ukungu. Vitu vya karibu bado anaviona safi. Hiyo ndiyo miopia. Jicho la mwanao halina uchafu, halijachoka, wala si dhaifu. Ni refu. Milimita moja ya ziada ni sawa na namba 2.5 hadi 3 kwenye miwani, kwa hiyo tatizo lake lote lina ukubwa wa takriban milimita moja. Na kwa kuwa ukuta wa jicho ukishavutika haurudi, hakuna dawa, zoezi wala chakula kitakacholifupisha. Tunachoweza ni kupunguza mwendo wa kurefuka.

Nani anaamua jicho lirefuke kiasi gani? Urithi unachangia, na baba yake amechangia. Mtoto mwenye mzazi mmoja wa namna hii ana uwezekano mkubwa kuliko asiye naye, na wazazi wote wawili huongeza zaidi. Lakini urithi peke yake hautoshi kueleza mambo. Katika miji ya Taiwan na Singapore, vijana 80 hadi 90 kati ya 100 wanamaliza shule wakiwa na miopia, wakati babu zao hawakuwa hivyo. Kwetu, uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 2,500 wa sekondari jijini Mwanza uliochapishwa 2002 ulikuta miopia kwa takriban 6 kati ya 100. Damu ya ukoo haibadiliki kwa vizazi viwili. Kilichobadilika ni namna watoto wanavyoishi.

Mwaka 1977 wanasayansi Torsten Wiesel na Elio Raviola waliripoti jambo lililowashangaza wengi: nyani wachanga walioshonwa kope za jicho moja, jicho lile lililokosa picha safi lilirefuka kuliko jingine. Baadaye vifaranga wa kuku waliwekewa lenzi zinazosukuma picha nyuma ya retina, na kwa siku chache tu macho yao yakarefuka kuifuata picha kule ilikokwenda. Maana yake retina haipokei picha tu. Inaipima, na kutokana na kipimo hicho inautumia ukuta wa jicho ujumbe: kua, au tulia. Mwanga mkali unaingia hapo hapo. Retina ikipata mwanga wa nje hutoa dopamini kwa wingi, na dopamini ni miongoni mwa vitu vinavyoliambia jicho litulie. Shika hayo mawili, picha na mwanga, tutayarudia.

Mama mkwe wako ameona kwa macho yake: mjukuu kavaa miwani, namba ikapanda. Simlaumu. Lakini ukimnunulia mtoto viatu vya namba 30 mwezi wa kwanza na mwisho wa mwaka akahitaji 32, hakuna anayesema viatu vimemkuza mguu. Mguu ulikuwa unakua, viatu vinaufuata. Miwani ni hivyo hivyo. Mweleze kwa mfano huo, atakuelewa, na bibi akikubali mtoto atavaa bila ugomvi.

Ushauri wa kubaki na namba ya zamani ili macho "yasizoee" umeenea sana, hata kwa watu wanaouza miwani, na umewaacha watoto wengi gizani darasani. Umepimwa. Katika jaribio la Malaysia lililochapishwa 2002, kundi moja la watoto lilipewa miwani iliyopungua 0.75 kwa makusudi, kundi jingine likapewa namba kamili. Waliopunguziwa ndio waliopanda haraka zaidi. Avae namba yake kamili, shuleni, tuisheni, nyumbani na uwanjani. Kwa -2.75, bila miwani kila kilicho mbali zaidi ya kama sentimita 36 kinaanza kuwa ukungu, na umeona hapo juu ukungu wa kudumu unaliambia nini jicho linalokua.

Lakini namba kamili ni ipi? Hapa ndipo nataka usimame kabla ya kununua chochote. Mtoto wa miaka 9 ana misuli ya ndani ya jicho yenye nguvu kubwa ya kuvuta picha ya karibu. Akichungulia ndani ya ile mashine ya kompyuta, misuli hukaza bila yeye kujua, na mashine inatoa namba kubwa kuliko halisi. Nimewapokea watoto walioandikiwa -2 ambao baada ya kuwekewa matone walibaki na -0.75, na mmoja hakuwa na kitu kabisa. Alikuwa amesomea mtihani wiki tatu mfululizo na misuli imekakamaa. Kwa hiyo kipimo cha mtoto hakikamiliki mpaka awekewe matone ya kulegeza misuli hiyo, asubiri kama nusu saa au zaidi, ndipo apimwe tena, na mtaalamu athibitishe kwa tochi na lenzi mkononi. Mashine ni mwanzo wa kipimo. Inawezekana -2.75 ni sahihi. Inawezekana pia ni -2.25, na kasi unayoiogopa ni ndogo kuliko unavyodhani.

Kuna swali hukulitaja, nami lazima nikuulize: anajikuna macho? Dodoma ina vumbi na upepo, na mzio wa macho kwa watoto ninauona kila wiki, macho mekundu yanayowasha, utelezi mweupe kama nyuzi, mtoto anasugua kwa ngumi mpaka unamuonea huruma. Kusugua kwa miaka hulegeza konea, ikaanza kuchongoka kama ncha ya yai. Hapo nayo namba hupanda kila mwaka, hasa ile namba ya pili kwenye karatasi inayoitwa silinda, na wazazi huambiwa ni miopia ya kawaida. Si hiyo, na tiba yake ni nyingine kabisa. Ikiwa mwanao anasugua, sema hivyo siku ya kwanza ukifika kliniki. Mzio ukitulizwa kwa dawa sahihi, kusugua kunakoma. Usinunue matone yenye steroidi bila kuandikiwa, kwa sababu yanatuliza haraka sana na yanaweza kupandisha presha ya macho kimyakimya.

Karoti endelea nazo, na mlenda, mchicha, maembe, papai na mayai. Vitamini A inalinda konea na uwezo wa kuona usiku, na mtoto anayeikosa, hasa akipata surua, anaweza kupofuka kweli. Lakini mwanao hana upungufu huo, na karoti haiingii kwenye hesabu ya urefu wa jicho. Asali, chai ya rangi, maziwa ya mama, maji ya majani ya aina yoyote, visiingie jichoni kabisa. Nimeona makovu ya konea yaliyoanzia hapo, na kovu halina miwani.

Nije kwenye kile ninachokiamini kuliko vyote, nacho hakiuzwi. Mtoe mtoto nje.

Darasa la kawaida lina mwanga wa laksi 300 hadi 500, mengine hata hayafiki. Nje, juani, mwanga hufika laksi 100,000. Chini ya mwarobaini, kivulini, bado unapata maelfu kadhaa. Macho yetu huyafanya mabadiliko hayo yaonekane madogo, lakini kwa retina ni tofauti ya kijiko na pipa. Huko Guangzhou, China, watafiti waligawa shule za msingi, nusu zikaongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata miopia walikuwa asilimia 30.4 katika shule hizo, na asilimia 39.5 katika zile ambazo hazikubadilisha ratiba. Taiwan nayo mwaka 2010 ilizitaka shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku. Idadi ya wanafunzi wa msingi wenye uoni hafifu, iliyokuwa ikipanda kwa muda mrefu, ikageuka na kuanza kushuka.

Lazima niwe mkweli hapa. Ushahidi mzito ni wa kuzuia miopia isianze. Kwa ambaye tayari anayo, kuwa nje husaidia kidogo zaidi ya kutosaidia, na hakuna anayeweza kukuahidi kiasi. Kwa hiyo saa mbili za nje ni muhimu kwa mwanao, na ni muhimu zaidi kwa mdogo wake.

Saa mbili utazipata wapi, wakati shule inaisha saa tisa na tuisheni inaanza saa kumi? Nilipoisoma ratiba hiyo ndipo moyo wangu uliposhtuka, kuliko nilipoisoma namba ya miwani. Mtoto wa miaka 9 anaingia darasani asubuhi, anatoka jioni jua linazama, anakula, anafanya kazi za shule, analala. Tunaishi katika mji ambao jua halikosi karibu mwaka mzima, na watoto wetu wanaanza kuishi kama watoto wa maghorofani. Sikuambii ufute tuisheni. Najua darasa la nne lina mtihani wa taifa na najua wazazi wenzako wanavyokimbizana. Ninakuomba upunguze siku. Siku tatu kwa wiki badala ya tano. Siku mbili zilizobaki acheze kandanda au kombolela mpaka magharibi. Mwombe mwalimu wa tuisheni afundishie barazani badala ya chumbani. Si sawa na kucheza, lakini mwanga wa baraza ni mwingi kuliko wa sebule yenye mapazia. Mapumziko ya shule atoke nje, asibaki dawatini akimalizia zoezi. Akienda kwa miguu badala ya basi la shule, na njia ni salama, dakika 20 kwenda na 20 kurudi ni karibu theluthi ya deni lake. Jumamosi na Jumapili mlipe kilichobaki: sokoni pamoja, shambani, kumwagilia bustani. Kofia avae, kivuli atumie saa za jua kali, asilitazame jua lenyewe. Akirudi anawe uso kwa maji safi. Katika mikoa yetu ya kati, ambako trakoma, yaani vikope, imetutesa kwa muda mrefu hasa upande wa Kongwa, uso safi ni kinga ya jicho kwa namna nyingine pia.

Kuhusu vitu vya karibu: adui si simu kwa kuwa ni simu. Kitabu kikishikwa sentimita 15 kutoka usoni ni kilekile. Tofauti ni kwamba simu ina skrini ndogo, mtoto anaivuta, na haimchoshi kama kitabu, kwa hiyo anakaa nayo saa mbili bila kuinua kichwa. Umbali uwe angalau wa kiwiko hadi vidole vyake. Kila baada ya nusu saa ainuke, atazame mbali, mlima, mti wa jirani, dakika chache. Asisome wala kutazama simu amelala. Taa ya kusomea iwe ya kutosha. Miwani inayouzwa kwa jina la miwani ya kompyuta, yenye lenzi za kuchuja mwanga wa bluu, haijaonyesha kupunguza kasi ya miopia. Hela hiyo nunua mpira.

Atropini. Ulichosoma ni kweli, ila kimekatwa katikati. Matone ya atropini ya kiwango kidogo sana, yakiwekwa kila usiku, hupunguza kasi ya jicho kurefuka kwa watoto wengi. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2019 ulionyesha kiwango cha asilimia 0.05 kikipunguza mwendo kwa karibu theluthi mbili katika mwaka wa kwanza, na asilimia 0.01 kikifanya kazi kidogo sana. Utafiti mwingine wa Marekani wa 2023 haukuona faida yoyote ya 0.01 ukilinganisha na matone yasiyo na dawa. Kwa hiyo kiwango ndicho kila kitu. Mboni hutanuka kiasi, mtoto akasumbuliwa na mwanga, jambo ambalo kwenye jua la Dodoma si dogo. Wengine husoma kwa shida. Na dawa ikikatwa ghafla, hasa ya viwango vikubwa, jicho linaweza kukimbia tena kufidia. Ni dawa ya miaka miwili na zaidi, yenye kuangaliwa.

Sasa onyo, na ninaomba ulichukue kama ninakushika mkono. Atropini inayopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya dawa ni ya asilimia 1, ina nguvu mara 20 ya ile ya 0.05. Ni ya kazi nyingine. Usimwekee, na usijaribu kuipunguza kwa maji nyumbani: hutapata kiwango sahihi, na utaingiza vijidudu. Ikinywewa na mtoto mdogo ni sumu, na una binti wa miaka 5 ndani ya nyumba. Wala usiagize mtandaoni chupa ambayo hujui imesafiri kwenye joto gani. Kama itafikia hatua ya kuitumia, iandaliwe na mfamasia kwa maandishi ya daktari bingwa wa macho atakayemfuatilia.

Miwani maalumu ndiyo ningeifikiria kwanza kwa mwanao, kama uwezo upo. Kwa nje ni miwani ya kawaida. Katikati ya lenzi kuna sehemu safi anayoonea, na kuizunguka kuna mamia ya vilenzi vidogo ambavyo vinaweka sehemu ya picha mbele ya retina, ule ujumbe wa "tulia" niliokueleza. Katika utafiti wa miaka miwili Hong Kong, namba ya waliovaa ilipanda takriban nusu ya ile ya waliovaa lenzi za kawaida. Haina dawa, haina madhara ya maana. Lakini bei ni mara kadhaa ya lenzi za kawaida, lazima avae siku nzima, na namba ikibadilika unanunua tena. Uliza bima yenu inalipia nini kabla hujaagiza, na usiagize kwa namba ya kompyuta ya dukani. Lenzi hizi zinahitaji kipimo cha matone na fremu iliyokaa sawa puani. Ikiwa fedha hiyo itakwenda kwenye ada, lipa ada. Miwani ya kawaida yenye namba kamili, pamoja na saa za nje, si malezi ya hali ya chini.

Kuna pia lenzi laini au ngumu za kuvaa juu ya jicho lenyewe badala ya miwani, za mchana au za kulala nazo usiku, zenye matokeo mazuri kwenye tafiti. Kwa mtoto wa miaka 9 katika vumbi letu, na maji ya kunawia yakiwa ya ndoo, simshauri. Maambukizi ya konea hayasubiri mpaka kesho.

Kuhusu binti yako, usimsahau kwa kuwa halalamiki. Mtoto wa umri wake anatakiwa kuwa na akiba: jicho fupi kidogo, kipimo cha alama ya kujumlisha. Anapokua, akiba hiyo inatumika polepole. Akifika miaka 6 akiwa na chini ya +0.75, ni dalili kubwa kwamba miopia inamfuata. Kaka na baba wanavaa miwani, kwa hiyo mpime mwaka huu, kwa matone pia. Na yeye ndiye saa mbili za nje zitamfaa kuliko mtu yeyote nyumbani kwako. Kushika simu karibu na uso kwa umri huu mara nyingi ni mazoea tu, lakini kipimo kitatuambia.

Wapeleke wote wawili kwenye kliniki ya macho hospitalini: Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wengi tunaiita General, au Mvumi kama mko upande huo. Mwambie mtaalamu unataka kipimo cha matone na uchunguzi wa retina. Kama wana mashine inayopima urefu wa jicho, ile inayotumika kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, omba kiandikwe na hicho. Urefu hausemi uongo kama namba. Baada ya hapo kila miezi sita.

Usisubiri miadi ukiona haya: mtoto anasema anaona cheche, vitu vingi vyeusi vinavyoelea ghafla, au kama pazia limeshuka upande mmoja, uoni wa jicho moja umeshuka ghafla kuliko wa jingine, jicho jekundu lenye maumivu, kengeza jipya, au mboni inayong'aa nyeupe, hata kama ni kwenye picha ya simu tu. Haya ni ya siku hiyo hiyo.

Siku ya kliniki beba karatasi zote tatu za vipimo na miwani zote za zamani, hata iliyovunjika. Wape chakula kabla ya kutoka, maana mtakaa. Wavalishe kofia zenye ukingo, kwa sababu baada ya matone mwanga utawasumbua na maandishi ya karibu yatakuwa ukungu mpaka kesho yake, wakati mwingine zaidi. Usichague siku yenye mtihani. Na miwani aliyonayo aanze kuivaa leo jioni hata nyumbani. Aioshe kwa maji kabla ya kuifuta, asiifute kwa shati, kwa sababu vumbi la Nzuguni linakwaruza lenzi kama msasa.